Kushuka kwa Ogani za Fupanyonga: Kushuka Kutoka Wapi?

Kliniki za wanawake zimezoea maneno mawili: "kizazi kimeshuka" na "nyama inatoka". Kwa mama ambaye mfuko wa uzazi umeteremka kweli, jina la kwanza linatosha. Lakini aliyetolewa kizazi kwa upasuaji naye anaweza kuhisi uvimbe ukishuka ukeni, maana kilele cha uke kimekosa cha kukishikilia. Mwingine kizazi chake kiko mahali pake. Kilicholegea ni ukuta wa mbele, na kibofu cha mkojo kimeulalia. Kuwaambia wote hao kwamba kizazi kimeshuka ni kuwapotosha, na daktari anayesoma faili baadaye atapotoka pia.

Istilahi ninayoitetea ni kushuka kwa ogani za fupanyonga. Ningependa "viungo vya nyonga", ambayo ni nyepesi zaidi mdomoni, ila msomaji atafikiria mahali paja linapoungana na kiuno. "Ogani" haina utata huo. Nimeacha "kuporomoka" kwa makusudi: kwa wengi hali hii huja polepole, miaka kadhaa baada ya kujifungua, na neno linalotisha humfanya mama aifiche.

Kitenzi "kushuka" nacho kinataka jibu: kutoka wapi? Hapo ndipo uchunguzi wa mkono na jicho unapoachana na picha.

Kwa mkono, utaratibu unaotumika zaidi kwenye utafiti ni POP-Q, uliotangazwa mwaka 1996. Sifuri yake ni kizinda, au masalio yake. Mama hukojoa kwanza, hulala chali, na daktari hushikilia ukuta wa nyuma wa uke kwa nusu ya spekulamu. "Kaza mama, sukuma kama unajifungua." Ukuta wa mbele unateremka, na kijiti chenye alama za sentimita kinasoma umefika wapi: ndani ya kizinda ni hasi, nje ni chanya. Vipimo ni 9, na madaraja huanzia 0 hadi 4. Daraja la 2 ni pale sehemu iliyoshuka zaidi inapokuwa kati ya sentimita 1 juu ya kizinda na sentimita 1 chini yake.

Ninachokiheshimu zaidi katika utaratibu huo ni kwamba unakataa kutaja ogani. Husema ukuta wa mbele, kilele, ukuta wa nyuma, basi. Jicho limeona ukuta tu. Kilicho nyuma yake ni kukisia.

Picha ndiyo hukionyesha. Altrasaundi ya msamba hufanywa kwa kifaa kilekile kilichopinda cha kupimia tumbo, kimevikwa glovu, na umbali huhesabiwa kutoka ukingo wa chini wa mfupa wa kinena. Kwenye MRI mara nyingi huchorwa mstari kutoka ukingo huo hadi kiungo cha mwisho cha kifandugu. Mstari huo uko juu ya kizinda. Basi mama mmoja anaweza kuandikiwa na MRI kwamba kibofu kimepita mstari kwa sentimita 2, huku POP-Q ikisoma hasi 1, na ripoti zote mbili zikawa sahihi. Nani atamweleza hivyo, kama kila karatasi imeandika "kushuka" tu?

Picha ina udhaifu wake. Mashine nyingi za MRI humlaza mgonjwa chali, na si rahisi kukaza sawasawa ukiwa ndani ya mtambo. Kwa kupanga matibabu ya kawaida, malalamiko ya mama na uchunguzi mzuri wa mkono vinatosha, na naona si haki kumtoza gharama ya MRI kwa ajili ya kuthibitisha kilichoonekana. Picha ina kazi yake ukuta wa nyuma unapovimba na haijulikani kama kinachousukuma ni puru au utumbo mwembamba, hali inaporudi baada ya upasuaji, au panaposhukiwa kwamba msuli wa sakafu ya fupanyonga ulichomoka kwenye mfupa wa kinena wakati wa kujifungua.

Katika Kiswahili cha ripoti, basi, kipimo kiandikwe pamoja na sifuri yake na mkao wa mgonjwa: "ukuta wa mbele, sentimita 1 nje ya kizinda, akikaza, amelala chali", "kibofu, sentimita 2 chini ya mstari wa kinena na kifandugu, akikaza, MRI".