Mstari wa Kifuani: Ukuta wa Rangi Mbili na Safari Yake hadi Ufipa

Ingia darasa la zamani pale Sumbawanga, au zahanati, au ofisi ya kata, na mara nyingi utaukuta ukuta umegawanywa. Juu ni nyeupe au krimu. Chini, kutoka sakafuni hadi kama usawa wa kifua cha mtu mzima, ni rangi nzito: bluu, kahawia, kijivu, au ile tunayoiita damu ya mzee. Katikati kuna mstari ulionyooka, ambao fundi aliupata kwa pima maji na uzi wenye unga wa chaki. Tumeuzoea mno mstari huu, kiasi kwamba hatuuulizi umetoka wapi. Nami nadhani tuuulize, maana una habari za pesa, za usafi, na za afya ya watoto wetu.

Tuanzie mbali kidogo. Kwenye nyumba za wenye nacho huko Ulaya, sehemu ya chini ya ukuta ilifunikwa kwa mbao ili migongo ya viti isiichubue lipu. Wasio na uwezo wa mbao walipaka rangi. Kisha ikaja karne ya viwanda, na ukuta ukawa jambo la sheria. Mwaka 1802 Bunge la Uingereza liliamuru viwanda vya nguo vilivyoajiri watoto vipakwe chokaa mara mbili kwa mwaka. Sheria ya viwanda ya 1878 ikatoa chaguo mbili: ama ukuta upakwe chokaa angalau mara moja kila miezi 14, ama upakwe rangi ya mafuta kila miaka 7, lakini uoshwe kwa maji moto na sabuni kila miezi 14.

Hapo ndipo utaona tofauti ya vitu hivi viwili. Chokaa ni rahisi, lakini haioshwi. Ikichafuka unapaka nyingine juu yake. Rangi ya mafuta ni ghali, lakini inavumilia kitambaa na sabuni. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha 1859, aliupa ukuta wa rangi ya mafuta sifa kuliko kuta nyingine zilizokuwepo, kwa sababu hiyohiyo ya kuoshwa. Ukuta wa lipu, kwake, ungeokolewa tu kwa kupakwa chokaa mara kwa mara.

Sasa, mtu mwenye shule au hospitali ya kuendesha na bajeti ndogo atafanyaje? Atapaka mafuta pale panapoguswa na chokaa pale pasipofikiwa na mikono. Kwa hiyo usiutafute mstari ule kwenye urembo. Umekaa pale ambapo mkono, bega na mgongo wa mtu vinaishia.

Mtindo huu ulifika kwetu pamoja na majengo yenyewe: misheni, boma, hospitali, shule. Upande wa Ziwa Tanganyika, Karema ilikuwa kituo cha Wabelgiji tangu 1879, na mwaka 1885 wakaikabidhi kwa Mapadri Weupe, ambao kazi yao ilikuja kuenea hadi juu Ufipa. Lakini kupaka ukuta Ufipa hakukuwa sawa na kupaka ukuta pwani. Kilwa au Unguja, chokaa inachomwa palepale kutokana na matumbawe, ndiyo maana nyumba ya mawe ya Kiswahili ilimudu kuwa nyeupe ndani kote. Ufipa ni uwanda wa nyasi wenye urefu wa kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, bahari iko mbali sana, na reli haijawahi kufika Sumbawanga. TAZARA ilipita Tunduma miaka ya 1970 ikaenda zake Zambia. Lami ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, kama kilomita 220, ilikamilika miaka ya 2010. Kabla ya hapo kila kopo la rangi lilipanda kwa barabara ya vumbi, na wakati wa masika kwa barabara ya tope. Kwa hiyo kugawa ukuta huku kulikuwa na maana kuliko hata huko kulikoanzia. Mpaka leo dukani rangi ya maji inauzwa kwa ndoo ya lita 20 na ya mafuta kwa galoni ya lita 4, na fundi rangi anajua ipi ya kubania.

Msomaji aliyewahi kukutana na Roy Willis atanikatiza hapa. Willis, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wafipa miaka ya 1960, aliandika mwaka 1967 kwamba Wafipa huufikiria mwili, na hata utawala wao wa jadi, kwa sehemu mbili: kichwa juu na kiuno chini, kila kimoja kikimhitaji mwenzake. Je, ukuta wa juu na chini haujakaa Kifipa? Inavutia, lakini mimi siununui ulinganisho huo. Ukuta wa namna hii upo Musoma, upo Kampala, upo Mumbai. Ukitaka cha Ufipa chenyewe, tazama nje ya nyumba ya kijijini.

Nyumba ya matofali ya udongo inakandikwa, kisha inasiribwa kwa udongo laini. Mara nyingi sehemu ya juu hupewa udongo mweupe au mwekundu hafifu, na chini hupitishwa mkanda wa rangi iliyokolea. Sababu yake anaijua kila aliyekulia huko: mvua ikidondoka kutoka kwenye paa inarusha tope, na tope linapiga chini. Masika yakiisha, mkanda ule unasiribwa upya. Kazi hii kwa kawaida ni ya akina mama, na udongo hauuzwi, unachimbwa. Mkanda huu nao umewekwa pale ukuta unapoumia. Tofauti ni kwamba aliyeupaka anajua tangu mwanzo kuwa mwakani ataurudia.

Ukuta wa serikali haukupata bahati hiyo. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na wanavijiji wakajenga madarasa kwa nguvu zao. MMEM ilipoanza 2002, yakajengwa mengine mengi. Fedha ya kujenga ilipatikana. Ya kupaka upya, mara chache. Na maji ya kuoshea ukuta yatoke wapi, wakati mwanafunzi anabeba kidumu kwa ajili ya vyoo? Hapo mantiki ikageuka bila mtu kutangaza. Rangi ya mafuta iliwekwa chini ili uchafu uoshwe. Sisi tukaichagua iwe nzito ili uchafu usionekane. Juu, chokaa ikawa ya njano kwa miaka. Chini, hakuna aliyejua kuna nini.

Na kilichokuwamo hakikuwa uchafu peke yake. Kwa miongo mingi risasi, yaani yale madini mazito, ilitiwa kwenye rangi ya mafuta ili ing'ae, ikauke upesi na rangi yake ikolee. Ubaya wake ulijulikana zamani: mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa kuzuia risasi nyeupe katika upakaji wa ndani ya majengo ni wa mwaka 1921. Utafiti wa kimataifa uliotoka 2009, Tanzania ikiwa mojawapo ya nchi zilizopimwa, ulikuta rangi za maji kwa jumla zina risasi kidogo, huku nyingi za mafuta zikipita mbali kikomo cha sehemu 90 kwa milioni. Baadaye viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vikachukua kikomo hichohicho. Lakini kiwango kipya hakibandui rangi ya zamani.

Sasa rudi kwenye mstari wetu. Kifua cha mtu mzima ni kichwa cha mtoto wa darasa la kwanza. Mtoto yule yuko mzima mzima ndani ya rangi ya chini. Anaiegemea, anaikwangua kwa kucha, kisha anakula muhogo kwa vidole vilevile. Risasi huumiza ubongo unaokua, na madaktari hawajapata kiasi cha kusema hiki ni salama kwa mtoto. Yaani sehemu ya ukuta iliyobuniwa kumlinda aliye mdogo ndiyo iliyobeba sumu, kwa sababu tu mafuta yalipakwa pale mikono inapofika.

Kati ya 2021 na 2022 serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19. Hiyo ni mikono mingi na kuta nyingi. Kwenye makabidhiano tunahesabu madawati na mabati. Mjumbe wa kamati ya shule angeweza kuongeza swali moja kwa fundi: kopo la rangi ya chini limeandikwa nini, na nani amepangiwa kuurudia ukuta huu, lini? Mama anayesiriba nyumba yake baada ya masika analo jibu la swali la pili. La kwanza halimhusu, maana udongo wake aliuchimba mwenyewe na anajua ulikotoka.