Jina la Maradhi ya Macho ya Watoto Njiti

Mnamo mwaka 1942 tabibu T. L. Terry wa Boston alieleza habari za watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, ambao nyuma ya lenzi za macho yao ulionekana utando mweupe. Maradhi yakapewa jina la utando huo. Lakini utando ni mwisho wa maradhi. Mwanzo wake u katika mishipa ya damu ya retina, ambayo kwa njiti haijamaliza kukua. Mwaka 1951 Kate Campbell wa Melbourne aliishuku oksijeni itolewayo pasipo kiasi, na jaribio la hospitali za Marekani lililoanza 1953 likathibitisha shaka hiyo. Hewa iliyookoa roho ndiyo iliyopofusha.

Katika jaribio jingine la Marekani, watoto 291 waliozaliwa chini ya gramu 1,251 walichunguzwa. Kwa walio wengi jicho moja lilitibiwa kwa baridi kali na la pili likaachwa. Walipofika miaka 15, retina ilikuwa imeharibika vibaya katika asilimia 30 ya macho yaliyotibiwa, na asilimia 51.9 ya yale yaliyoachwa. Tena, baadhi ya macho yaliyotibiwa yaliharibika baada ya mwaka wa 10. Siku hizi hutumika zaidi leza na sindano, na hata hivyo mtoto huhitaji kuangaliwa miaka mingi. Kiswahili chatenganisha vema kutibiwa na kupona. Heri tofauti hiyo isipotee katika vinywa vya wauguzi.

Sasa tutazame Bariadi, makao makuu ya Simiyu, mkoa ulioundwa mwaka 2012. Uchunguzi wa Foster na Sommer, uliochapishwa 1987, ulionyesha jinsi surua ilivyohusika na vidonda vya macho ya watoto wa Tanzania. Upofu ule ulianzia mbele ya jicho, na mama aliuona. Huu wa njiti hujificha nyuma, nao hutafutwa na tabibu kwa kupanua mboni, yapata juma la nne baada ya kuzaliwa. Mama azungumzaye Kisukuma nyumbani hulisikia hospitalini neno njiti, na neno hilo lamweleza udogo wa mwili tu. Weupe ukionekana, wakati umekwisha pita.

Kwa sababu hiyo nalikataa jina “upofu wa njiti”, ambalo larudia kosa la Boston. Napendelea “maradhi ya retina ya njiti”, ingawa ni refu.