Wimbo Kuzaliwa Mara ya Pili

Katika mwaka 1994 Waingereza wawili, Tracey Thorn na Ben Watt, wenye kikundi kiitwacho Everything But The Girl, walitoa wimbo ulioitwa Missing. Watt alikuwa ameponea chupuchupu maradhi yaliyomshika mwaka 1992, na nyimbo walizozitunga baada ya hapo zina upole wa watu waliotazama kaburi wakarudi. Missing ni malalamiko ya mtu anayemkumbuka aliyehama, wala hajui aliko. Thorn aliuimba kwa sauti ya chini, gitaa likimfuata polepole. Katika orodha ya mauzo ya Uingereza ulifika nafasi ya 69, kisha ukazama. Mwaka uliofuata wimbo huohuo, kwa sauti ileile na maneno yaleyale, ulitoka tena ukafika nafasi ya 3. Na mwaka 1996 ukafika nafasi ya 2 huko Marekani, ukakaa katika orodha yao majuma 55, muda ambao hapana wimbo uliokuwa umeufikia kabla yake. Baina ya kushindwa kule na kushinda huku alisimama mtu mmoja, Todd Terry, fundi wa muziki wa hausi kutoka Brooklyn, New York.

Kazi aliyoifanya huitwa rimiksi, yaani kuuchanganya wimbo upya. Katika studio kila sauti hutiwa katika njia yake: mwimbaji peke yake, ngoma peke yake, gitaa peke yake. Fundi wa rimiksi hupewa njia hizo zikiwa mbalimbali, kama mshoni aliyeletewa kanzu iliyofumuliwa. Aweza kuishona ilivyokuwa, aweza kubakiza ukosi tu na kutafuta kitambaa kingine. Katika hausi kitambaa hicho chajulikana: ngoma nzito ipigwayo katika kila pigo la nne kwa nne, mapigo 120 au zaidi kidogo kwa dakika, na mwanzo mrefu usio na maneno, ili mpiga santuri apate nafasi ya kuunga santuri moja na nyingine bila wachezaji kusimama.

Asili ya ufundi huu ni dhiki, na jambo hili husahauliwa upesi. Ni kweli kwamba New York ilitangulia: mwaka 1976 Walter Gibbons aliurefusha wimbo wa Double Exposure uitwao Ten Percent hata ukakaribia dakika 10, ukauzwa madukani kwa santuri ya inchi 12. Lakini hausi ni mtoto wa Chicago. Huko mwaka 1977 alialikwa kijana wa New York, Frankie Knuckles, apige santuri katika klabu iliyoitwa Warehouse, katika barabara ya South Jefferson. Waliokuja kucheza walikuwa wengi wao watu weusi na Walatino, na wengi wapenzi wa jinsia moja, ambao hawakuwa na mahali pengi pa kujifurahisha bila kutukanwa. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa mji huohuo, sanduku la santuri za disko lililipuliwa kwa baruti mbele ya umati ulioshangilia. Makampuni makubwa yakaanza kuikimbia disko. Mpiga santuri asiyeletewa santuri mpya hana budi kuzifanya za zamani kuwa mpya. Knuckles alichukua utepe wa sauti, akaukata na kuuunga, akarudia mahali palipopendwa, akaongeza ngoma palipopwaya. Wimbo uliokuwa umekwisha kufa madukani ukawa hai sakafuni mwake.

Mfano nisioacha kuutaja ni Let No Man Put Asunder, wa wanawake watatu wa Philadelphia walioitwa First Choice. Ulikuwamo katika albamu yao ya mwaka 1977, miongoni mwa nyingine, wala haukupata makelele. Mwaka 1983 ukatolewa upya kwa santuri ya inchi 12 yenye mchanganyo wa Shep Pettibone na mwingine wa Knuckles. Tangu hapo sauti za wanawake wale zimekatwa na kupandikizwa katika nyimbo za hausi zisizo idadi. Wako vijana wazijuao barabara wasiojua kamwe kama palikuwa na albamu ya mwaka 1977.

Msomaji wa ushairi wetu hatashangaa sana. Kwetu twaijua takhmisi, ambayo mtunzi huchukua mishororo miwili ya mwenziwe na kuitangulizia mitatu yake, ubeti ukawa wa mitano. Takhmisi ya Liyongo, ambayo hunasibishwa na Sayyid Abdallah bin Nasir, yaonyesha ugumu wa kazi hiyo: maneno ya Liyongo hayaguswi, na aliyeongeza hana budi kuyafikia kwa hatua zinazoyastahili. Rimiksi njema ni ya namna hiyo.

Na hivi ndivyo alivyofanya Todd Terry. Hakumharakisha Thorn, wala hakumlazimisha kupaza sauti. Aliiacha huzuni pale ilipokaa, akaizungushia ngoma isiyohurumia. Katika santuri ya kwanza mtu analalamika chumbani peke yake, nasi twamwonea huruma tukiwa mbali. Katika ya pili analalamika katikati ya watu mia wanaocheza, na kati yao aliyemkosa hayumo. Ukiwa umezidi, ingawa miguu yafurahi. Kwa hiyo siafiki wasemao kwamba ngoma iliuharibu wimbo. Wenyewe hawakuona hivyo pia, maana albamu yao ya mwaka 1996, Walking Wounded, waliijenga juu ya ngoma za mashine.

Si kila ushindi ni wa namna hii. Tori Amos, Mmarekani, alitoa Professional Widow mwaka 1996, wimbo wa hasira uliopigwa kwa hapsikodi, kinanda cha kale cha Ulaya. Armand van Helden akatupa karibu kila kitu, akabakiza vipande vichache vya sauti yake na kuviweka juu ya besi inayoviringika. Na Januari 1997 ukashika nafasi ya kwanza Uingereza, ambako Amos hakuwa amewahi kufika. Naisifu besi ile. Lakini kuiita rimiksi ni kama kuita nyumba mpya ukarabati kwa kuwa mlango ni wa zamani. Mwaka 1998 Norman Cook naye, kwa mtindo ulio jirani ya hausi, aliuongeza kasi Brimful of Asha wa kikundi cha Cornershop, uliokuwa umekwama nafasi ya 60, ukafika ya kwanza. Asha anayesifiwa humo ni Asha Bhosle, ambaye sauti yake wazee wetu wa pwani waliisikia katika filamu za Kihindi.

Liko jambo moja chungu. Aghalabu fundi wa rimiksi hulipwa ujira wa mara moja, na haki ya utunzi hubaki kwa mwenye wimbo, hata pale ambapo watu wananunua santuri kwa ajili ya ngoma na besi ya fundi. Jina lake huandikwa katika mabano, baada ya jina la wimbo, kwa herufi ndogo. Tuzo za Grammy zilipoanza kumtambua fundi wa namna hii, mwaka 1998, wa kwanza kupewa alikuwa Knuckles. Alifariki tarehe 31 Machi 2014. Sehemu ya barabara ya Jefferson ilikuwa imekwisha kupewa jina lake tangu mwaka 2004, na mwaka 2023 mji wa Chicago ukaliingiza jengo la Warehouse katika orodha ya majengo yasiyoruhusiwa kubomolewa.