Jiwe Lenye Uhai

Huku kwetu Geita jiwe ni kitu kilichokufa. Linatoka kwenye duara, linasagwa na karasha mpaka liwe unga, unga unaoshwa kwenye mwalo, zebaki inakamata dhahabu, basi. Yanabaki marudio. Ndiyo maana nilipomwonyesha mzee mmoja wa Katoro picha ya matumbawe kwenye simu, nikamwambia haya ni mawe yenye uhai, aliuliza swali moja tu: "Sasa mwanangu, hilo lina gramu ngapi?"

Swali zuri kuliko alivyojua, kwa sababu Kilwa jiwe la baharini na dhahabu vilikwenda pamoja. Husuni Kubwa, jumba lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na kuhusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman (yule ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331), lilisimama kwa utajiri wa dhahabu iliyotoka bara na kupitia Sofala. Kuta zake ni matumbawe ya kale yaliyochimbwa nchi kavu. Lakini penye nakshi, fundi alitaka jiwe jingine, lile linalokatwa baharini likiwa hai. Tumbawe bichi ni laini. Unalichonga lingali na maji, halafu jua na hewa vinalikausha mpaka linakuwa gumu. Wanyama wadogo waliolijenga (ndiyo, ni wanyama) wanakufa humohumo.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Kutokana na dhahabu hiyo ilitengenezwa Custódia de Belém, chombo cha ibada kilichokamilika mwaka 1506, ambacho leo kipo kwenye jumba la makumbusho Lisbon. Mawe yalibaki Kilwa.

Karne ya 20 walitokea watu waliolitaka jiwe la baharini kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta aliandika katika jarida la wafugaji samaki la Marekani jinsi alivyofuga samaki wa baharini ndani ya tangi la kioo: maji ya bahari, mapovu ya hewa, na mawe hai. Jiwe hai la wafugaji ni mifupa ya tumbawe lililokwisha kufa, iliyojaa wapangaji: bakteria, mwani, sponji, minyoo, konokono.

Kulisafisha kunataka uvumilivu. Halioshwi kwa maji baridi ya bomba, maana hayo yanaua kila kitu. Linasuuzwa kwa maji ya chumvi. Unasugua kwa brashi, unaondoa sponji iliyooza, kisha unalilaza kwenye pipa la maji ya chumvi yenye uvuguvugu, pampu ikiyazungusha. Litanuka. Linanuka kweli, kwa sababu waliokufa safarini wanaoza na kutoa amonia. Unabadilisha maji, unasubiri wiki kadhaa. Bakteria ndani ya vitundu wanaigeuza amonia kuwa nitriti, halafu nitrati isiyo kali sana. Kipimo kikionyesha amonia na nitriti zote ni sifuri, ndipo samaki wanaingia.

Nawaonea wivu watu wa mapipa hayo. Wana siku ya kujua kwamba sumu imekwisha.

Zebaki ya mwaloni haina siku hiyo. Nyingine inachomwa na kupaa hewani, nyingine inaondoka na marudio, na popote ilipo ni zebaki ileile, haiozi. Kwenye tope lisilo na hewa wapo bakteria wanaoigusa, ila kazi yao ni kinyume cha wale wa kwenye jiwe: wanaigeuza kuwa zebaki ya methili, sumu mbaya zaidi, inayopanda kutoka kiumbe kidogo hadi samaki, na kutoka samaki hadi sahanini.

Nilimweleza mzee hayo yote. Alisikiliza huku mikono yake ikiwa kwenye karai, hana glovu, akikamua kitambaa chenye zebaki. Akaniuliza kama yale mawe ya Kilwa bado yananuka.