Upitishaji hewa penye hita za gesi

Upitishaji hewa ni kuifanya hewa safi ya nje iingie chumbani na hewa iliyokwisha kutumika itoke, mfululizo, kwa kadiri ya mahitaji ya watu na ya moto uliomo. Wapo wanaouita uingizaji hewa. Neno hilo linaeleweka, lakini linataja pa kuingilia na kunyamaza kuhusu pa kutokea. Kitenzi pitisha hubeba yote mawili, na kwa hiyo ndicho kinachofaa zaidi. Kupunga hewa ni jambo lingine, la mtu kutoka nje kuburudika. Kiyoyozi nacho kisichanganywe na dhana hii: kile cha kawaida cha ukutani hufyonza hewa ya chumba hichohicho, huipoza na kuirudisha. Chumba kinaweza kuwa na baridi nzuri huku hewa yake imechoka kabisa.

Penye hita ya gesi, iwe ya kupasha maji ya kuoga au ya kutia joto sebuleni, moto nao unapumua. Lita moja ya propani, mojawapo ya gesi za mtungini, huhitaji lita 5 za oksijeni ili iungue yote. Kwa kuwa oksijeni ni kama sehemu moja tu ya tano ya hewa, hizo ni takribani lita 24 za hewa. Moto ukishiba, hutoa kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji, na mwali wake huwa wa buluu. Ukikosa hewa, mwali hugeuka njano, masizi huanza kushika, na kaboni monoksaidi huzalishwa.

Gesi hii ya mwisho haina rangi wala harufu. Ile harufu kali ya gesi ya mtungi hutiwa kiwandani ili kuvuja kugundulike, nayo huungua pamoja na gesi; pua inayomtahadharisha mtu kuhusu mtungi unaovuja haimsaidii chochote hapa. Kaboni monoksaidi hung'ang'ania hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, na ni rahisi sana kudhani ni malaria au chakula kibaya. Akiwa usingizini huenda asiamke.

Neno linaloambatana na istilahi ya upitishaji hewa ni “wa kutosha”, na kutosha hapa hupimwa. Kanuni za gesi za Marekani, kwa njia yake ya kawaida, hudai takribani meta za ujazo 4.8 za nafasi kwa kila kilowati, hita ikitegemea hewa ya ndani. Hita ya maji ya kilowati 12 ingehitaji meta za ujazo zipatazo 58. Bafu la meta 2 kwa 1.5, lenye kimo cha meta 2.5, lina 7.5 tu. Uingereza hukata shauri kabisa: hita ya gesi haifungwi bafuni isipokuwa iwe ya aina iliyozibwa, yaani inayovuta hewa yake kutoka nje kwa bomba na kutoa moshi nje vilevile. Mahali pengine pa nyumba, hita yenye dohani ya kawaida hutengewa tundu la kudumu la sentimeta za mraba 5 kwa kila kilowati inayozidi 7, katika nyumba ambazo kuta na madirisha yake hayakubanwa mno. Hita hiyo ya kilowati 12 ingepata sentimeta za mraba 25, kama mraba wa sentimeta 5 kila upande.

Neno kudumu lina uzito wake. Dirisha hufungwa usiku, na hasa msimu wa baridi wa Juni na Julai kule Limuru au Njombe, wakati uleule hita inapotumika zaidi. Tundu la kudumu halina kibao cha kulifunga; likizibwa kwa matambara au gazeti ili kuzuia mbu na upepo, halipo tena. Wavu wa matundu mapana unaruhusiwa, si ule wa mbu, ila kipimo ni kile cha uwazi uliobaki baada ya nyuzi zake.

Mahali pa tundu hutegemea gesi. Ya mtungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni, hivyo huhitaji pa kutokea karibu na sakafu. Gesi asilia ni nyepesi na hupanda. Hewa moto ya mwako hupanda pia, na njia yake ni dohani. Feni ya kufyonza hewa, ya jikoni au chooni, inaweza kuishinda nguvu dohani hiyo na kuurudisha moshi chumbani. Fundi hulijaribu hilo akiwa amefunga milango na madirisha, akawasha feni zote na hita: baada ya dakika chache husogeza chanzo kidogo cha moshi kwenye mdomo wa dohani, naye huridhika pale tu moshi unapovutwa ndani wote.