Nafsi Kisangani, Ubongo Kinshasa: Historia ya Taaluma Iliyogawanywa

Anayetaka kujua jinsi elimu ya ubongo ilivyopata sura yake katika mji wa Kisangani hana budi kuanza na siasa kabla ya kufika maabara. Chuo kikuu cha mji huo kilianzishwa na makanisa ya Kiprotestanti mwaka 1963, mji ulipokuwa bado ukiitwa Stanleyville, kwa jina la Chuo Kikuu Huru cha Kongo. Mwaka uliofuata waasi wa Simba waliuteka mji, na chuo kikahamia Léopoldville kwa muda. Huko tayari kulikuwa na Lovanium, chuo cha Kikatoliki kilichofunguliwa mwaka 1954.

Tarehe 4 Juni 1969 wanajeshi waliwafyatulia risasi wanafunzi wa Lovanium waliokuwa wakiandamana Kinshasa. Miaka miwili baadaye, wenzao walipowakumbuka marehemu hao, chuo kilifungwa na wanafunzi wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Mwezi Agosti 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kuwa kampasi tatu za Chuo Kikuu cha Taifa, na kuvigawa vitivo baina yake. Tiba ilibaki Kinshasa, ambako kwenye kilima cha Mont Amba kulijengwa kituo cha magonjwa ya neva na akili. Saikolojia na elimu ya malezi zilipelekwa Kisangani. Hivyo, kwa amri ya utawala, nafsi ilipewa mji mmoja na ubongo mji mwingine, na baina yao msitu na safari ndefu ya mto.

Ni kweli kwamba mgawanyo huo haukudumu. Mwaka 1981 Kisangani ilirudishiwa mamlaka ya chuo kikuu kamili, na kitivo cha tiba nacho kikapatikana. Hata hivyo, saikolojia na tiba ziliendelea kuwa nyumba mbili, kila moja na msamiati wake na mitihani yake.

Hasara ya utengano huo huonekana wazi zaidi kwa mgonjwa kuliko kwa mwanachuo. Mfano bora ni malale, ugonjwa uliolitesa bonde la Kongo tangu enzi za ukoloni. Vimelea vinavyoenezwa na mbung'o hukaa kwanza katika damu. Baadaye hupenya hadi kwenye ubongo. Hapo mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, hubadilika tabia, hukasirika bila sababu, pengine huzungumza maneno yasiyoeleweka. Wa kwanza kuona mabadiliko hayo ni jamaa zake, nao husema amerukwa na akili. Anayefuata saikolojia peke yake anaweza kumhesabu kuwa mgonjwa wa akili. Anayengoja homa na tezi zilizovimba anaweza kuchelewa.

Kuchelewa huko kulikuwa na gharama kubwa. Tangu mwaka 1949 dawa kuu ya hatua ya pili ya ugonjwa ilikuwa melasoproli, yenye aseniki, ambayo iliua takriban mgonjwa 1 katika kila 20 waliotibiwa. Feksinidazoli, vidonge vinavyomezwa kwa siku 10, ilikubaliwa mwaka 2018 baada ya majaribio yaliyofanyika hasa Kongo. Mojawapo ya vituo vyake ilikuwa Isangi, mahali Lomami inapoingia katika mto Kongo, katika jimbo lile lile la Tshopo. Aidha, katika jimbo jirani la Bas-Uele watafiti wamekuta kifafa kingi katika vijiji vilivyo karibu na mito ya usubi. Maswali makubwa ya sayansi ya ubongo, basi, yako jirani na chuo.

Mengine yako mjini kwenyewe. Mangobo, mojawapo ya komuni sita za Kisangani, ilishuhudia tarehe 14 Mei 2002 askari wa kundi la RCD-Goma wakiwaua raia baada ya jaribio la uasi kuzimwa. Miaka miwili kabla, mwezi Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalikuwa yamepigana mjini humo kwa siku sita. Mkazi wa Mangobo anayeshtuka usingizini hawezi kuulizwa kama hofu yake ni ya nafsi au ya neva. Ni ya vyote viwili.

Ama kuhusu lugha, Kifaransa ndicho cha mihadhara, ilhali ugonjwa husimuliwa kwa Kilingala au Kiswahili. Mwanafunzi anayeandika tu tafsiri ya malalamiko hupoteza sehemu ya dalili. Kiswahili chenyewe kina funzo hapa: neva huitwa mishipa ya fahamu. Katika istilahi hiyo mshipa, ambao ni wa mwili, na fahamu, ambayo ni ya nafsi, havikuachana. Kile ambacho amri ya mwaka 1971 ilikitenga, lugha ya wagonjwa ilikuwa imekwisha kukiunganisha. Kazi iliyobaki kwa vitivo ni kuufuata muungano huo.