Kituo cha Peckham: nyumba iliyomfundisha mtoto pamoja na wazazi wake

Mwaka 1935, kwenye barabara ya St Mary's huko Peckham, kusini-mashariki mwa London, lilifunguliwa jengo la zege na vioo lisilofanana na hospitali wala shule. Katikati palikuwa na bwawa la kuogelea lililozungushiwa vioo, hata mama aliyekaa mkahawani na kikombe chake cha chai aliweza kumwona mwanawe majini. Kulikuwa na ukumbi wa mazoezi, mahali pa kucheza dansi, vyumba vya madaktari na sehemu ya watoto wadogo. Mhandisi Owen Williams ndiye aliyelichora. Jina rasmi la jengo lilikuwa Pioneer Health Centre. Wenyeji waliliita Kituo, basi.

Waanzilishi walikuwa madaktari wawili, George Scott Williamson na Innes Pearse. Walianza mwaka 1926 katika nyumba ndogo ya barabara ya Queen's, wakiwapima watu wa familia 112 waliojiandikisha. Walitaka kujua afya ni nini hasa, kwa kuwa ugonjwa ulikwisha kupata watafiti wengi. Kufikia 1929 walifunga ile nyumba kwa makusudi. Walikuwa wameona kwamba kumpima mtu, kumweleza kasoro yake, kisha kumrudisha kwenye maisha yaleyale hakumfai kitu. Familia ilihitaji mahali pa kuishi kwa namna nyingine.

Masharti ya Kituo kipya yalikuwa machache. Familia ijiunge nzima, ikae karibu kiasi cha mama kufika kwa miguu akisukuma kigari cha mtoto, ilipe shilingi moja kwa wiki, na wote wapimwe afya. Vipimo hivyo vilionyesha kuwa takriban watu tisa kati ya kumi walikuwa na kasoro fulani mwilini, ingawa wengi wao hawakujiona wagonjwa.

Lakini kilichonivuta mimi katika historia hii ni watoto. Mama alimwacha mtoto wake mdogo kwenye sehemu ya watoto, akaenda kuogelea, kushona au kuzungumza na wenzake, wote wakiwa chini ya paa moja. Watoto hawakupangwa mistari. Vifaa viliwekwa mahali wanapovifikia, na kila mmoja akajaribu kupanda, kuning'inia na kuruka kwa kadiri mwili wake ulivyomruhusu, akiwatazama waliomzidi umri kidogo. Wakubwa kidogo walichukua kikaratasi kwa mfanyakazi kabla ya kutumia ukumbi au bwawa, na kwa vikaratasi hivyo watafiti wakajua nani anapenda nini na anakua vipi. Lucy Crocker, aliyeandika pamoja na Pearse kitabu cha mwaka 1943 kuhusu jaribio hili, alikuwa mmoja wa waliosimamia kazi hiyo.

Mwanzoni ilikuwa vurugu tupu. Watoto walikimbia ovyo na kupiga kelele, na baadhi ya wafanyakazi walitaka waletewe nidhamu ya shule. Scott Williamson alikataa. Ilichukua miezi mingi, lakini watoto walitulia wenyewe kila mmoja alipopata shughuli iliyomshika. Utayari huo wa kungoja, mbele ya fujo na lawama, nauheshimu kuliko hata usanifu wa lile jengo.

Mtaa wa jirani ulikuwa umetangulia. Huko Deptford, dada wawili, Rachel na Margaret McMillan, walifungua mwaka 1914 shule ya awali ya hewa wazi kwa watoto wa maskini waliosumbuliwa na matege na maradhi ya ngozi. Waliwaogesha, wakawalisha, wakawalaza mchana nje, na bustani ikawa ndiyo darasa. Rachel alifariki mwaka 1917. Mwaka uliofuata sheria ya elimu iliziruhusu halmashauri kufungua shule za awali, bila kuzilazimisha. Akina McMillan walimwokoa mtoto na uchafu na njaa. Madaktari wa Peckham wakaongeza kwamba mtoto hakui peke yake, hukua na familia yake.

Kwetu Afrika Mashariki nako wazo kama hilo limewahi kuota, kwa mizizi yake yenyewe. Mombasa, mwaka 1986, mwalimu Bi Swafiya Said alianza kazi ya shule za awali za madrasa kwa msaada wa Aga Khan Foundation: masomo ya dini pamoja na michezo, vifaa vya kuchezea vilivyotokana na vitu vya hapohapo, na wanajamii wenyewe kuiendesha shule. Zanzibar ilifuata mwaka 1990, Kampala mwaka 1993. Ninapoona chekechea zetu ambamo mtoto wa miaka mitatu anakalishwa kunakili herufi asubuhi nzima, nasikitika kwamba mfano huo haukuenea zaidi.

Kituo cha Peckham kilifungwa vita vilipoanza mwaka 1939, na jengo likageuzwa kiwanda. Familia zilidai lirudishwe, likafunguliwa tena mwaka 1946. Mwaka 1950 likafungwa kabisa. Fedha zilikuwa zimekwisha, na huduma mpya ya afya ya taifa, iliyoanza mwaka 1948, ilikuwa ya bure, ya watu wote na ya kutibu wagonjwa. Haikuwa na fungu kwa nyumba ya wanachama wa mtaa mmoja inayolea wazima. Leo jengo limehifadhiwa kisheria na ndani yake wanaishi watu. Mwongozo wa elimu ya awali wa England, ulioanza kutumika mwaka 2008, unataka watoto wajifunze kwa kucheza, na shule za awali za Peckham zinaufuata. Nyumba ya kumpokea mtoto pamoja na mama na baba yake, chini ya paa moja, ndiyo ninayoikosa hadi leo.